Nyuki wanaotupa majana nje ya mzinga: usimuue malkia kabla hujasoma sega

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina mzinga mmoja unaonitia wasiwasi. Karibu kila asubuhi nakuta majana weupe, yaani watoto wa nyuki, wametupwa chini ya mlango. Nilipofungua niliona vijumba vilivyofunikwa ambavyo vifuniko vyake vimetobolewa, na vingine viko wazi kabisa, kichwa cha jana kinaonekana. Pia kuna mbawakawa weusi wadogo wanaokimbilia kwenye pembe. Mfugaji mwenzangu ananiambia malkia ni mbovu, nimuue niweke mwingine. Mwingine ananishauri nipulize dawa. Hivi nyuki hawana namna ya kuwakinga watoto wao na wadudu?

Jibu: Marahaba. Malkia mwache, na dawa iweke kando kwanza. Majana waliotupwa mlangoni husomwa vibaya na wafugaji wengi, na malkia wazuri wengi wameuawa kwa sababu hiyo. Nyuki wanayo namna ya kukinga watoto wao, tena zaidi ya moja, na huenda hicho unachokiona ndicho kinga yenyewe ikifanya kazi.

Fikiria kwanza hali ya jana. Yai la kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, hukaa siku 3, lava (mtoto aliyeanguliwa) hulishwa siku 6 hivi, kisha kijumba hufunikwa kwa nta na jana hubaki humo siku 12 akijigeuza kuwa nyuki kamili. Kwa dume, siku za kufunikwa hufika 14 au 15. Muda wote huo hawezi kuuma wala kukimbia. Amelala kwenye joto la nyuzi 34 hadi 36, mwili wake umejaa mafuta na protini, na pembeni yake kuna asali na chavua. Mdudu anayetafuta pa kuzalia hawezi kupata mahali pazuri kuliko hapo. Kwa hiyo ulinzi wote uko mikononi mwa nyuki wazima, na wanaufanya kwa namna ambayo sisi wafugaji hutuuma kuitazama: jana aliyekwisha kuingiliwa na mdudu hatibiwi, anatolewa. Kundi linakubali kumpoteza huyo mmoja ili mdudu asipate kizazi kitakachoingia kwa wengine kumi.

Adui mkubwa kuliko wote kwa majana duniani leo ni utitiri wa varoa, Varroa destructor, mdudu bapa wa rangi ya kahawia iliyoiva, upana wake ukipita kidogo milimita moja na nusu. Asili yake ni kwa nyuki wa Asia, Apis cerana, na kutoka huko alihamia kwa huyu nyuki tunayemfuga wengi, Apis mellifera. Jike huingia kijumbani muda mfupi kabla hakijafunikwa, akajizamisha chini kabisa kwenye chakula cha lava. Saa 60 hadi 70 hivi baada ya kijumba kufunikwa hutaga yai la kwanza, ambalo huwa la dume, kisha mayai ya majike, moja kila baada ya saa 30 hivi. Dume huyo huwapanda dada zake humo humo gizani. Jana akitoka, mama na mabinti waliokomaa hutoka naye, huku wale ambao hawajakomaa wakifia ndani. Nyuki anayezaliwa hapo huwa dhaifu, na mara nyingi amekwisha kupewa virusi vinavyokunja mabawa yake yasifae kurukia.

Zingatia hizo saa. Uzazi wote wa varoa unategemea kifuniko kibaki kimefungwa mpaka mabinti wakomae. Nyuki akikifungua kabla ya hapo, mzunguko mzima unakatika, hata kama mama varoa mwenyewe atatoroka.

Kazi hiyo ya kufungua hufanywa zaidi na vibarua wa umri wa kati, ambao wamepita umri wa kulisha lava na bado hawajaanza kutoka kutafuta nekta. Anatembea juu ya vifuniko akivigusagusa kwa vipapasio. Mahali fulani anasimama, anaondoka, anarudi. Anaanza kutafuna katikati ya kifuniko mpaka pawe na kitundu kinachotosha kuingiza kipapasio. Hapo anaweza kuacha, na mwingine akaja akanusa pale pale. Wakiridhika kwamba ndani kuna tatizo, wanakitanua kitundu, kifuniko chote kinaondoka, halafu wanamtoa jana vipande vipande. Majimaji ya mwili wake huliwa, na kilichobaki, mara nyingi kichwa, miguu na ngozi, huburutwa mpaka mlangoni na kudondoshwa. Kijumba hulambwa kikawa safi na malkia hutaga tena humo. Ndiyo maana sega la kundi hodari la namna hii linaweza kuwa na vijumba vitupu vilivyotawanyika katikati ya majana, na mfugaji asiyejua akasema malkia anatupia mayai ovyo.

Kinachowaongoza ni harufu. Jana aliyekufa au aliyejeruhiwa hutoa kemikali zinazopenya kifuniko, na miongoni mwa zilizotambuliwa ni asidi ya oleiki. Nyuki hawalingani katika kunusa, wala makundi hayalingani. Tofauti hiyo ni ya kurithi. Mwaka 1964 mtafiti Mmarekani Walter Rothenbuhler alichapisha matokeo ya kuchanganya nyuki wanaotoa majana wagonjwa na wale wasiotoa. Katika kizazi kilichotokana na mchanganyiko huo, yalipatikana makundi yaliyofungua vifuniko kisha yakawaacha wafu humo humo, na mengine ambayo hayakufungua kabisa, lakini yeye alipoyafungulia kwa mkono yakawatoa wafu bila kusita. Kufungua ni tabia moja, kutoa ni nyingine, na kila moja ina njia yake ya urithi. Baadaye ilionekana kwamba jeni zinazohusika ni nyingi kuliko alivyodhani, lakini mgawanyo huo wa kazi umebaki kuwa kweli, na nakuomba uukumbuke unapotazama sega lako: vifuniko vilivyo wazi na wafu bado wamo si sawa na vifuniko vilivyo wazi na vijumba vimesafishwa.

Kuna sura nyingine ya tabia hii ambayo wafugaji wengi hawaijui kwa sababu haiachi maiti mlangoni. Nyuki hufungua kifuniko, wakakagua, kisha wakakifunga tena jana akiwa hai. Ukitaka kuiona, kata kifuniko polepole kwa ncha ya kisu, ukigeuze uangalie upande wa ndani. Kifuniko ambacho hakijaguswa kina utando wa hariri unaong'aa uliotandazwa na jana mwenyewe. Kilichofunguliwa na kuzibwa kina duara katikati lisilong'aa, nta tupu, kwa sababu jana alikwisha kumaliza kufuma na hakurudia. Katika makundi yanayoishi na varoa bila kutibiwa, viraka hivyo huonekana kwa wingi, na vijumba vyenye utitiri hufunguliwa kuliko vingine.

Huko Baton Rouge, Louisiana, Marekani, watafiti John Harbo na Jeffrey Harris walikuta miaka ya 1990 makundi ambayo varoa wake walionekana kama wagumba. Mwanzoni ilidhaniwa kuna kitu kwenye majana kinachozuia utitiri kuzaa. Baadaye ikabainika kwamba nyuki walikuwa wanatoa majana wenye varoa wanaozaa, na kuwaacha wale ambao varoa wao hawakuzaa. Kwa hiyo aliyehesabu waliobaki aliwakuta wagumba tu. Mimi huona hilo ni jambo la ajabu sana: kibarua anatofautisha, kupitia kifuniko cha nta, kijumba chenye familia ya utitiri na kile chenye utitiri asiye na mtoto.

Nyuki wa Asia, aliyeishi na varoa tangu zamani, amefika mbali zaidi. Varoa kwake huzaa hasa kwenye majana madume. Dume aliyenyonywa akidhoofika hawezi kutoboa kifuniko chake kigumu, na vibarua hawamsaidii. Wanamwacha azikwe humo pamoja na utitiri wote. Jana wa kibarua naye, akiguswa na varoa, hufa mapema, kisha hutolewa. Wepesi wake wa kufa ndio unaolikinga kundi.

Usidhani lakini kwamba nyuki wa mellifera hawawezi kujifunza kuishi na mdudu huyu. Varoa aligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1997, na wafugaji wengi huko hawakutumia dawa. Makundi mengine yalikufa, na baada ya miaka michache yaliyobaki yakawa yanaishi naye. Nyuki wa Rasi ya Tumaini Jema huko, aina iitwayo capensis, wana faida ya ziada, kwa sababu majana wao hukaa muda mfupi zaidi chini ya kifuniko na mabinti wengi wa varoa hawawahi kukomaa.

Sasa hao mbawakawa weusi. Kwa maelezo yako, yaelekea ni mbawakawa mdogo wa mzinga, Aethina tumida, mwenye urefu wa milimita 5 hadi 7. Kwao ni Afrika kusini mwa Sahara, na nyuki wa huko wamemzoea. Alitambuliwa Florida, Marekani, mwaka 1998, Australia 2002 na Italia 2014, na kwa nyuki wenye asili ya Ulaya amekuwa tishio kubwa zaidi.

Nyuki akimvamia, mbawakawa huyu hurudisha kichwa na miguu chini ya gamba na kujibana kwenye ubao. Mwiba haupati pa kuingia, wala taya hazipati pa kushika. Basi vibarua humfukuza na kumsukuma mpaka akimbilie kwenye ufa, kisha wanamzingira huko. Walinzi husimama kwenye mdomo wa ufa usiku na mchana, na wengine huleta gundi ya nyuki wakajenga pembeni ili asipite. Mfungwa naye ana hila yake. Humpapasa mlinzi kinywani kwa vipapasio, namna nyuki wanavyoombana chakula, na pengine mlinzi hutoa tone la asali akamlisha, hivyo anaweza kukaa kifungoni kwa wiki nyingi. Lakini maadamu yuko kwenye ufa, hafiki kwenye sega la majana. Jike anayeponyoka hutoboa kifuniko cha kijumba au ukuta wake na kupitisha mayai ndani, na vibarua wenye kunusa vizuri huvifungua vijumba hivyo wakaondoa kila kilichomo, mayai ya mbawakawa pamoja na jana. Kwa hiyo hata huyu anaweza kuwa sehemu ya maelezo ya vifuniko ulivyovikuta vimetobolewa.

Hatari ni pale mabuu yake yanapopata nafasi ya kuanguliwa kwa wingi. Yanakula majana, chavua na asali, na yanaacha utelezi na chachu inayoifanya asali itoke povu na kunuka kama machungwa yaliyooza. Sega likifika hapo, nyuki hawawezi tena kulisafisha na mara nyingi huhama. Mabuu hayo hutoka mzingani na kujizika kwenye udongo ili yajigeuze, ndiyo maana udongo laini na wenye unyevu chini ya mzinga huwafaa sana.

Nondo wa nta nitamtaja kwa ufupi tu, kwa sababu kwa kundi lenye nguvu si adui wa kuogopwa. Huingia nyumba ambayo tayari imelegea. Kinachokuhusu ni alama yake. Kiwavi chake hupita chini ya vifuniko akichimba njia kutoka kijumba hadi kijumba, na vibarua wanaomfukuza huondoa vifuniko alikopita. Matokeo yake ni msitari wa vijumba vilivyo wazi, ulionyooka au uliopinda kidogo, na majana ndani wakiwa hai wenye vichwa vyeupe na macho ya zambarau. Hao wengi hukamilika na kutoka salama. Ukiona vichwa vilivyo wazi vimejipanga kwenye msitari, gonga ubao wa sega, na mara nyingi kiwavi atajitokeza.

Yapo mengine ambayo nyuki hufanya na hayaonekani kwa macho. Huongeza joto la sega la majana kidogo wanaposhambuliwa na kuvu Ascosphaera apis, ambaye hustawi majana wanapopoa. Mtafiti Philip Starks na wenzake waliripoti homa hiyo ya kundi mwaka 2000. Hupaka gundi yenye kuua vijidudu ndani ya kuta. Hujipangusa na kupangusana, wakamng'ata varoa miguu. Na kundi linapogawanyika kwa kutoa pumba, linapitia siku nyingi bila majana waliofunikwa, na muda huo varoa hana pa kuzalia.

Yote hayo yana sharti moja ambalo nalitilia mkazo kuliko jingine lolote: nyuki wazima wawe wengi kuliko masega wanayoyalinda. Sega lisilofunikwa na nyuki halina mlinzi, halina joto na halina wa kulinusa. Makundi mengi yanayosemwa yameuawa na nondo au mbawakawa yalikuwa yamepungukiwa nyuki kwanza, kwa njaa, kwa kupoteza malkia, au kwa mfugaji kuwaongezea nafasi kabla hawajaihitaji. Dawa ya kunyunyizia wadudu haiongezi nyuki. Inawaua hao hao wanaofanya usafi na kuacha sumu kwenye nta, kwa hiyo aliyekushauri kupuliza dawa ndani ya mzinga hakukushauri vema.

Lakini si kila jana aliyetupwa ni ushahidi wa usafi. Kundi lenye njaa, hasa ya chavua, hula mayai na lava wake wadogo; ukikosa chavua karibu na majana na asali ni kidogo, tatizo ni chakula. Majana waliopoa usiku kwa sababu nyuki hawakutosha kuwafunika hutolewa pia, na hao huwa wa pembezoni mwa sega. Malkia aliyepandwa na madume wa ukoo wake naye huwa na sega lenye mapengo, kwa sababu vibarua hula sehemu ya lava saa chache baada ya kuanguliwa. Hapo kweli kubadilisha malkia kuna maana, lakini huoni maiti mlangoni wala vifuniko vilivyotafunwa, maana wanaliwa kabla hata ya kufunikwa.

La kuogopa ni uozo wa majana unaoletwa na bakteria Paenibacillus larvae. Vifuniko huzama ndani, hugeuka rangi na kuonekana vyenye mafuta, vina vitundu visivyo na umbo, na harufu ni mbaya. Ingiza kijiti cha kiberiti kwenye kijumba cha namna hiyo, koroga, vuta polepole. Kilichomo kikifuata kijiti kwa uzi wa kahawia wa sentimita mbili au zaidi, funga mzinga, usihamishe sega wala kifaa chochote kwenda kwenye mzinga mwingine, na mjulishe afisa wa ufugaji nyuki. Mbegu za bakteria huyo huishi miaka mingi sana kwenye sega na mbao.

Kwa mzinga wako nashauri hivi. Asubuhi okota majana waliotupwa, waweke kwenye karatasi nyeupe na uwatazame kwa kioo cha kukuza. Tafuta utitiri wa kahawia juu yao na mabawa yaliyokunjamana. Siku yenye jua fungua mzinga, chukua nyuki 300 hivi, yaani nusu kikombe, kutoka sega la majana, ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, ongeza vijiko viwili vya sukari iliyosagwa ikawa unga, viringisha taratibu kwa dakika moja, acha dakika chache, kisha tikisa unga wote kwenye sahani nyeupe. Hesabu utitiri na ugawe kwa 3. Hapo unapata idadi kwa kila nyuki 100, na nyuki wako unawarudisha hai. Wafugaji wengi huchukua hatua idadi ikifika 3. Ikiwa chini ya hapo na vijumba vilivyofunguliwa ni visafi, nyuki wako wanamudu, na malkia huyo ni wa kumzalishia wengine.

Masega ambayo nyuki hawayafuniki yaondoe, na mlango uupunguze wawe na mahali padogo pa kulinda. Chini ya mzinga pafyeke pakauke. Ukiua mbawakawa kwa mkono kila unapofungua ni vema, lakini usifungue mara kwa mara kwa ajili hiyo, kwa sababu kila unapobandua kifuniko unavunja gundi iliyowafunga, na wafungwa wote wanamwagika juu ya sega kwa pamoja. Subiri siku 21, muda wa kizazi kimoja cha vibarua, ndipo urudie kuhesabu. Niandikie idadi zote mbili, ya kwanza na ya pili, pamoja na namna vijumba vilivyo wazi vilivyokaa kwenye sega, kwa msitari au kwa kutawanyika, na ukubwa wa kundi kwa idadi ya masega yaliyofunikwa na nyuki.